Faili Kutoka Mwaka 2611

Bi Lamduan alikuwa anaandika kitabu cha kuchomwa kwake, na kusema kweli kazi ilimpendeza.

Kwao Lampang mtu akifa, wanaokuja kumsindikiza kwenye moto hawarudi nyumbani mikono mitupu. Hupewa kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada, habari za maisha yake, sala mbili tatu, na mapishi yake kama alijua kupika. Kazi ya kukitunga huwaangukia watoto, nao huifanya mbiombio huku macho yamevimba, ndiyo maana vingi vimejaa makosa. Bi Lamduan aliwahi kupewa kimoja ambacho marehemu aliolewa kabla ya kuzaliwa. Siku hiyohiyo aliapa kwamba chake atakiandika mwenyewe, akili zikiwa bado zipo. Na sasa kulikuwa na haraka, kwa sababu vali moja ya moyo wake ilikuwa imelegea, na daktari wa Chiang Mai alishapanga siku ya kumpasua kifua.

"Naweza kutoka mzima, naweza nisitoke," alimwambia binti yake Fai kwenye simu, kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Kwa hiyo nataka kitabu kiwe tayari."

Fai alikuwa mtoto wake wa pekee. Alifanya kazi kwenye ofisi ya bima huko Rayong, mbali kabisa, upande wa bahari. Yeye ndiye aliyetengeneza folda kwenye kompyuta ya mezani aliyomwachia mama yake, akamweleza taratibu: ukiandika humu, Mama, maandishi yanapanda kwenye wingu, mimi huku nayaona, na mimi nikiandika, yanashuka kwako. Bi Lamduan hakuuliza wingu gani. Alifurahi tu kusikia kwamba karatasi zinaweza kusafiri bila kubebwa na mtu.

Sura zilikwenda vizuri. Aliandika utoto wake, kisha mashamba ya mpunga. Aliandika jinsi ya kuchoma pilipili changa na kuzitwanga na vitunguu saumu mpaka zilainike. Aliandika sura fupi kuhusu mumewe marehemu, kisha akafuta nusu yake kwa heshima. Aliandika hata majina ya watu wasioruhusiwa kushika kipaza sauti siku ya shughuli yake, wa kwanza akiwa jirani yake, Mzee Inpan, ambaye akianza kuhutubia hata watawa husinzia.

Sura moja tu ilimshinda, kwa kuwa haikuwa yake kuiandika. Kila kitabu cha namna hiyo huwa na maneno ya mtoto. Mtoto anaeleza mzazi wake alikuwa mtu gani kwake, watu wanasoma, wanalia, wanapeana leso, na mtu ambaye angeyafurahia maneno hayo kuliko wote amelala ndani ya sanduku, hasikii wala haoni. Bi Lamduan aliuona huo ni upuuzi mtupu, na mimi sijui nani angebishana naye.

"Yako yaandike sasa," alimwambia Fai kabla mvua hazijaanza. "Nataka niyasome kwa macho yangu, kabla sijaenda kulazwa."

Fai akasema, "Nitaandika, Mama."

Tangu hapo kila asubuhi Bi Lamduan alifungua folda kabla hata ya kunywa chai, akatafuta faili mpya. Faili ikawa haipo. Mvua zikaanza, zikakolea, mpunga ukapandwa, faili haipo. Jioni mama na mwana walipigiana simu kama kawaida.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula. Dawa umemeza?"

"Nimemeza."

Na hapo mazungumzo yalikwisha. Mtu wa kule haulizi jambo kama hilo. Utamwulizaje mtu mzima, hata kama umemzaa mwenyewe, kwa nini hajasema anakupenda? Utamkosesha raha, utamtia aibu, na wewe mwenyewe utajishusha. Basi Bi Lamduan hakuuliza. Alijiambia kwamba mtoto ana kazi nyingi. Baadaye alijiambia kwamba huenda mtoto amekaa chini, amefikiri, akakosa cha kuandika. Wazo hilo lilimuuma kuliko kifua, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Mzee Inpan, jambo ambalo ni sawa na kulitangaza sokoni.

Kompyuta nayo ilikuwa na mambo yake. Radi moja ya mwisho wa kiangazi ilipounguza televisheni ya Mzee Inpan, Bi Lamduan alianza kuchomoa plagi ukutani kila alipomaliza kuandika. Baada ya muda mashine ikaanza tabia mpya: kila akiiwasha, kabla haijafunguka, inamwuliza leo ni tarehe ngapi. Mtu mwingine angeudhika. Yeye alifurahi. Alikuwa mkuu wa stesheni ndogo ya Pha Tung maisha yake yote ya kazi, stesheni ambayo mtu mmoja alifanya karibu kila kitu, na alfajiri kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha tarehe kwenye mhuri wa tiketi: siku, mwezi, na mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho. Mwaka ulikuwa 2568, kama wanavyohesabu wao tangu Buddha alipoondoka duniani. Mashine ilikuwa imeshaweka ishirini mwanzoni na kumwachia nafasi ya tarakimu mbili. Ile ishirini hakuijali, vitu vya kigeni vina mambo yake. Akajaza 68, kama alivyozoea, mashine ikatulia, akaanza kuandika.

Fai alikuja siku chache kabla ya safari ya hospitali. Alifika amelowa, ana begi moja na miwani mipya, akamsujudia mama yake kwa viganja vilivyokutanishwa, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kuangalia kama kuna wali wa kunata. Ulikuwepo. Ilikuwepo na pilipili ya kuchoma, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, na Mzee Inpan, ambaye hakualikwa lakini harufu ilimwalika.

Walikula sakafuni, kikapu cha wali katikati. Bi Lamduan aliuliza habari za Rayong. Fai alieleza habari za Rayong. Wote wawili waliongea vizuri mno, kama wageni. Mzee Inpan alitafuna akiwatazama, huyu halafu yule, mpaka uvumilivu ukamwisha. Alikuwa mshika njia pale Pha Tung enzi zile, kazi yake kugeuza reli ili treni mbili zisikutane, na hajawahi kuvumilia kuona vitu viwili vinapishana hivihivi.

"Wewe mtoto," alisema mdomo umejaa. "Mama yako kila asubuhi anafungua ile kompyuta kutafuta maneno yako. Kila asubuhi! Chai inapoa. Umeukosea nini mkono wako hata ushindwe kuandika mistari mitatu?"

"Inpan!" Bi Lamduan aliwaka uso mzima. "Nani kakuomba?"

"Hakuna aliyeniomba. Ndiyo maana nasema."

Fai aliweka tonge chini.

"Mimi niliandika, Ba'mkubwa," alisema. "Niliandika zamani, mvua zilipokuwa ndiyo zinaanza. Niliyaweka kwenye folda. Yeye ndiye aliyesoma akanyamaza."

Bi Lamduan naye aliweka tonge chini.

"Uliandika?" aliuliza Bi Lamduan.

"Niliandika, Mama."

"Mimi sijaona kitu."

"Kurasa mbili nzima. Kila siku nikipiga simu nasubiri useme. Unaniuliza kama nimekula."

Mzee Inpan alichukua tonge jingine, akalichovya kwenye pilipili bila haraka. "Nyinyi wawili mnanichosha," alisema.

Wakainuka na mikono michafu, wakaenda kwenye kompyuta wote watatu. Fai alinawa, akakaa. Bi Lamduan alisimama nyuma yake akishikilia kiti, na moyo wake uliolegea ulikuwa unapiga kwa namna ambayo daktari asingeipenda. Hakuwa anawaza upasuaji. Alikuwa anawaza kurasa mbili.

"Hii alama nyekundu hapa chini, juu ya picha ya wingu," alisema Fai. "Ipo tangu lini?"

"Ile? Ipo siku nyingi. Nilidhani ni pambo."

"Mama! Ina maana hakuna kinachopanda wala kushuka."

"Sasa mimi ningejuaje? Ingeandika kwa lugha ya watu."

Fai alianza kutafuta ugonjwa. Aliangalia kisanduku cha intaneti. Taa zote zinawaka. Alikizima, akakiwasha. Alama nyekundu palepale. Alijaribu simu yake kwa intaneti hiyohiyo, picha zikafunguka bila taabu. Aliingiza neno la siri upya, mashine ikalikataa bila kusema sababu. Alijaribu kufungua ukurasa wa habari tu, wa kawaida, na hapo ikamjia skrini yenye onyo kwamba tovuti hiyo haiaminiki. Akajaribu wa benki. Hauaminiki. Wa hospitali. Hauaminiki.

"Inaniambia dunia nzima ni matapeli," alisema.

"Haijakosea sana," alisema Mzee Inpan. Akatoa ushauri kwamba mashine ipigwe kofi upande wa kushoto, kama walivyokuwa wakifanya kwa simu ya stesheni. Aliponyimwa ruhusa akashauri wachome udi kwenye kijumba cha mizimu kule uani, maana toka mwaka mpya hakuna aliyekipelekea hata soda nyekundu ya sadaka. Bi Lamduan alimwambia akae. Lakini alikumbuka kwamba kweli soda hakupeleka, na kidogo ikamsumbua.

Fai alifungua folda yenyewe. Sura zilikuwa zimejipanga, na mbele ya kila moja tarehe ilipoandikwa mara ya mwisho. Alivua miwani, akaipangusa kwa fulana, akaivaa tena. Akasogeza uso karibu na skrini.

"Mama. Hii sura ya pilipili umeiandika lini?"

"Juzi."

"Hapa inasema mwaka 2611."

"Elfu mbili mia ngapi?"

"Mia sita na kumi na moja. Zote. Kila ulichoandika tangu mvua zianze, kimeandikwa mwaka 2611." Aligeuka kwenye kiti. "Asubuhi ukiwasha, huwa inakuuliza kitu?"

"Inaniuliza tarehe. Naijaza."

"Unajazaje mwaka?"

"Sitini na nane. Ningejaza nini?"

Fai alifunika mdomo. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mabega, na Bi Lamduan akaanza kucheka naye kabla hajajua kinachochekesha. Mashine, Fai alieleza akijifuta machozi, inahesabu kwa kalenda ya kizungu. Kwa kalenda hiyo huu ni mwaka wa ishirini na tano. Mama aliiambia ni wa sitini na nane, ikaamini, ikageuza hesabu hiyo kuwa miaka ya Buddha, ikajikuta 2611. Na kule kwenye wingu hawafungui mlango bila kwanza kulinganisha saa. Mtu anayebisha hodi kutoka mwaka ambao haujafika, wanamwacha nje.

"Nimeruka miaka arobaini na kitu?" aliuliza Bi Lamduan.

"Arobaini na mitatu. Kwa hesabu ya mashine hii, Mama, wewe una miaka mia na kumi na minne."

"Ndiyo maana mgongo unaniuma."

Mzee Inpan alicheka mpaka akapaliwa na wali. Fai alicheka pia, akageukia skrini, na hapo kicheko kikamkauka. Bi Lamduan aliona mabega yakishuka.

"Nini tena?"

"Nahesabu." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwaka huo mimi nitakuwa kikongwe, miaka themanini na moja. Na wewe..."

"Mimi nitakuwa majivu mtoni zamani," alisema Bi Lamduan kwa wepesi, kama alivyokuwa akisema siku zote.

"Acha, Mama! Acha kusema hivyo!" Fai alipiga kelele, kisha akashusha sauti. "Tangu daktari apange siku unaongea hivyo. Majivu, sanduku, moto. Unadhani mimi nasikiaje? Nikifungua hii folda naona mwaka ambao wewe hupo, na bado unanifundisha kutwanga pilipili."

Alikuwa analia waziwazi. Bi Lamduan alisimama na mkono juu ya kiti. Miezi yote hiyo alifikiri anamrahisishia mtoto mambo, na sasa aliona kwamba alikuwa anajirahisishia mwenyewe. Aliogopa kisu cha daktari. Aliogopa sana, na kitabu kilikuwa mahali pa kuwekea hofu hiyo. Aliinama akaweka shavu lake juu ya nywele za Fai zenye unyevu wa mvua, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu binti huyo akiwa na meno ya utotoni.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu. Na mimi naogopa."

Wakakaa hivyo. Mzee Inpan alitazama nje kwa heshima, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama kuna kitu cha kurekebisha, maana mikono inamwasha.

Kilikuwepo. Fai alisema ndani ya mashine kuna betri bapa, mfano wa sarafu, inayotunza saa wakati umeme haupo, na hiyo imekufa. Mzee Inpan alijipapasa, akatoa ufunguo wa pikapu yake, ule wa kubonyeza, akaung'ata kwa meno ukafunguka, na ndani mkawa na betri bapa. Ukubwa ukalingana. Alisisitiza kuiweka yeye mwenyewe, akapigwa na vumbi usoni, akapiga chafya mara nyingi, lakini akaiweka. Fai akawasha, akasahihisha mwaka. Kule chini alama nyekundu ikatoweka, na mahali pake vikatokea vishale viwili vidogo vinavyokimbizana.

"Inapanda," alisema Fai.

"Maneno yako yanashuka?"

"Subiri. Yatashuka."

Wote watatu waliinamia skrini. Na mbele ya macho yao sura ya utoto ikatoweka. Kisha ya mashamba ya mpunga. Kisha ile ya mumewe. Moja baada ya nyingine zilikuwa zinafutika kimya kimya.

"Fai! Zinakwenda wapi?"

Fai alirukia nyuma ya meza, akachomoa waya wa intaneti kwa nguvu mpaka kisanduku kikaanguka sakafuni. Kufutika kukakoma. Zilibaki sura za mwisho mwisho tu, zile alizoziandika mvua zilipokolea. Binti alibaki amechuchumaa, waya mkononi, hainui uso.

"Mashine haina kosa," alisema kutoka kule chini. "Ni mimi. Wiki iliyopita niliifuta folda upande wangu. Sasa imepata njia, imeshusha amri yangu na kuanza kufuta na huku."

Bi Lamduan aliketi kitandani polepole. "Ulifuta kitabu changu."

"Kila nikiwasha kompyuta kazini nakiona. Kitabu cha Kuchomwa cha Mama. Wenzangu wanapita nyuma yangu wanakisoma. Na nilikuwa nimeandika yale niliyoandika, ukanyamaza, nikasema labda nimekosea, labda hukupenda. Nikaona siwezi kukitazama tena. Nikabonyeza. Nilijuta hapohapo. Lakini nikaona aibu kukirudisha, kama nilivyoona aibu kukuuliza."

Mzee Inpan alifungua mdomo. Bi Lamduan alimtazama mara moja tu, akaufunga.

Mama huyu angeweza kukasirika. Haki alikuwa nayo. Lakini alimtazama mtu mzima aliyechuchumaa nyuma ya meza na waya mkononi, akajiona mwenyewe: mwingine wa nyumba hiyohiyo, anayekufa na kiu pembeni ya mtungi kwa kuona haya kuomba kata.

"Ukibonyeza kinapotea kabisa?" aliuliza kwa upole.

"Hapana. Kinakaa kwenye kapu la taka la kule juu kwa muda. Kama hawajalimwaga."

"Basi lifungue."

Fai alilifungua kwa simu. Bi Lamduan alimshikia kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu waanze alisali kimoyomoyo, tena kwa dhati kuliko alivyowahi kuuombea moyo wake. Folda ilikuwepo. Fai aligusa, akasubiri, akagusa tena. Kisha akaokota kisanduku cha intaneti, akakipangusa, akarudisha waya.

Vishale vikakimbizana. Ikarudi sura ya utoto. Ikarudi ya mpunga, na ya mume, na ya wasiopewa kipaza sauti. Na chini ya zote ikashuka faili moja ambayo Bi Lamduan hakuwa amewahi kuiona, yenye jina fupi: Maneno ya Fai.

Hakuna aliyeigusa.

"Nisome yako kwanza," alisema Fai. "Zile mpya. Sijasoma hata moja, na ni haki yako nisome mbele yako." Akasoma kwa sauti. Alicheka kwenye pilipili. Alipofika sura ya Pha Tung alisoma taratibu zaidi, maana yeye alikulia pale, kwenye kile chumba nyuma ya dirisha la tiketi. Treni za kwao huchelewa, hilo linajulikana nchi nzima, na mkuu wa stesheni alikuwa ameandika kwa majivuno: "Kwa miaka yangu yote ya kazi, hakuna treni iliyochelewa Pha Tung kwa sababu yangu."

Fai aliishia hapo. "Hii si kweli, Mama," alisema.

"Ni kweli tupu. Muulize Inpan."

"Ni kweli," alisema Mzee Inpan. "Alikuwa mkali kama siki."

Fai alisimama, akamwachia mama yake kiti, akamfungulia ile faili, akamkuzia herufi. Bi Lamduan alisogeza miwani puani. Alisoma kimya, midomo ikicheza.

"Watu wanasema mama yangu hajawahi kulia. Siku niliyoondoka kwenda kusoma Bangkok alikuwa kazini. Hakunikumbatia kwa sababu alikuwa na sare. Alinikatia tiketi kama abiria yeyote, akaniambia nisitoe mkono dirishani. Nikapanda, nikakaa upande wa jukwaa. Muda wa kuondoka ukafika, dereva akapiga honi. Mama alisimama na bendera ya kijani mkononi, ameikunja, hakuiinua. Dereva akapiga honi tena. Abiria wakaanza kuchungulia nje. Mama alikuwa anatazama dirisha langu. Kisha akaiinua, treni ikaondoka, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye begi ili asijue kwamba nimeona. Siku zangu zikiwa mbaya huku Rayong, naikumbuka bendera ile. Niliona, Mama."

Kulikuwa na ukurasa mwingine, lakini alishindwa kuuona kwa muda. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa sketi, akaivaa, akausoma nao mpaka mwisho. Fai alisimama nyuma yake akishikilia kiti. Mvua ilikuwa imepungua, na Mzee Inpan alikuwa ametoka kimya kimya kwenda kujaribu kufungua pikapu kwa ufunguo usio na betri.

Bi Lamduan alifunga faili ya mtoto wake kwa uangalifu, akafungua ile ya Pha Tung, akatafuta sentensi yake ya majivuno. Aliweka kile kimstari kinachopepesa mwishoni kabisa, akafuta nukta. Kisha kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akaongeza: "isipokuwa moja, iliyomchukua mwanangu."

Akahifadhi. Vishale vikazunguka kidogo. Fai, simu mkononi, alitazama maneno hayo yakimfikia.

"Imefika?" aliuliza Bi Lamduan bila kugeuka.

"Imefika, Mama."